Jinsi ya kujenga darasa au zahanati ya kijiji bila kuishia kwenye boma

Tembea vijijini huku kwetu Tanzania, karibu kila kata utakuta kuta zimesimama pembeni ya shule au karibu na ofisi ya kijiji, bati hamna, majani ndani yamefika kiunoni na mbuzi wameshapafanya kwao. Hilo ndo boma. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, wakapandisha tofali mpaka kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, halafu nguvu ikaisha, na ukiuliza utaambiwa tunasubiri serikali ipaue. Wanasubiri kweli, wengine toka enzi za MMAM ya mwaka 2007, ule mpango uliosema kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya.

Nimekaa kwenye kamati za ujenzi wa namna hii na nachoweza kuwaambia ni kwamba kuta ndo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachokwamisha ni karatasi ambazo hazikuandikwa, hela ambayo watu hawaioni inaenda wapi, na kusahau kwamba jengo lisilo na mwalimu wala muuguzi ni stoo tu. Kwahiyo haya maelezo nimeyapanga jinsi kazi inavyotakiwa kwenda, sio jinsi watu wanavyopenda kuanza, maana watu wanapenda kuanza na kuchimba msingi.

KABLA YA TOFALI HATA MOJA

Anzeni kwenye vitongoji, msikimbilie mkutano mkuu. Mkutano mkuu wa kijiji wanaongea walewale watano, kina mama wamekaa pembeni wanasikiliza tu, ila ukikaa na watu wa kitongoji kimoja chini ya mwembe wao utasikia vitu tofauti kabisa. Mnaweza mkawa mmeshaamua mnataka darasa kumbe shida iliyowauma watu ni choo. Na hili lina hesabu yake: kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja shule ya msingi, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nenda kwa mwalimu mkuu muombe idadi ya watoto, wavulana na wasichana, gawanya mwenyewe. Shule nyingi ukipiga hiyo hesabu unakuta upungufu wa choo ni mkubwa kuliko wa darasa, na mabinti waliovunja ungo wanabaki nyumbani siku zao zikifika sababu hakuna pa kujisitiri wala maji. Shida ni kwamba choo hakina sifa, hakuna mgeni rasmi anayependa kukata utepe chooni. Jengeni hivyohivyo.

Mkishajua mnataka nini, chagueni kitu KIMOJA. Darasa, au choo, au zahanati. Nimeona vijiji vinaanza vyote vitatu mwaka mmoja kwa sababu kila kitongoji kinavutia kwake, matokeo yake ni misingi mitatu na hamna paa hata moja.

Sasa hapo ndo mnaenda mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu na kila mkazi aliyefika miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kusema, kwahiyo kama mwenyekiti wenu haitishi, kumdai sio ugomvi. Muhtasari wa mkutano huo ndo mtaji wenu. Uandikwe vizuri: tarehe, waliohudhuria na sahihi zao, kilichoamuliwa, kila kaya itatoa nini, nani wamesamehewa, eneo ni lipi. Mtendaji wa kijiji agonge muhuri, na mtoe nakala zaidi ya moja maana mafaili ya ofisi za vijiji yana tabia ya kuliwa na mchwa pale tu yanapohitajika.

Muhtasari unapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, pale anakaa diwani kama mwenyekiti, halafu unaenda halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai lakini mipango ya vijiji inakusanywa miezi mingi kabla ya hapo, ukipeleka barua mwezi wa tano au wa sita unaambiwa bajeti imeshapita subirini mwakani. Kwahiyo pelekeni mapema, mwezi wa tisa au wa kumi msiwe mmelala. Na msiseme hizi ni urasimu tu. Serikali ikileta hela ya kukamilisha maboma, na miaka ya karibuni imekuwa ikitoa milioni 12.5 kwa boma la darasa moja na milioni 50 kwa boma la zahanati, inatoa kwa maboma ambayo halmashauri inayajua. Boma ambalo halipo kwenye orodha yoyote hata liwe zuri kiasi gani halipati kitu.

Kingine, ramani. Halmashauri wanazo ramani za madarasa na zahanati, muombeni injinia wa wilaya awape na aje aone eneo. Msiruhusu fundi achore kwa kijiti chini akwambie hii naijua. Darasa likitoka dogo kuliko ramani mtaambiwa halifai, na zahanati ndo kabisa, mganga mkuu wa wilaya, yaani DMO, lazima ahusike toka siku ya kwanza, maana yeye ndo atakuja kusema huyu mgonjwa anapita wapi, chumba cha kujifungulia kiko wapi, na yeye ndo anayeandika kuomba watumishi na dawa. Zahanati iliyojengwa kimyakimya ili "tumshtukize DMO" inashtukiza kijiji chenyewe.

ENEO

Hili watu wanalidharau. Mzee ametoa ekari mbili kwa moyo mweupe, watu wamepiga makofi, hakuna kilichoandikwa. Mzee akifariki watoto wanarudi toka mjini na kusema baba alikopesha tu. Andikisheni: mzee mwenyewe, mke wake, watoto wakubwa waliopo, majirani wa mipaka yote minne, halmashauri ya kijiji, halafu mkutano mkuu upokee hilo eneo na muhtasari useme hivyo. Pandeni miti ya mpaka wiki hiyohiyo. Na angalieni gari linafika hapo masika, sio kiangazi, sababu gari la wagonjwa litahitajika masika.

HELA

Hapa pana mtego wa kisheria kwa upande wa shule. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, na mwaka 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango ya lazima mashuleni. Watu wengi wakaelewa kwamba kuchangia ni kosa. Sio kosa. Kilichokatazwa ni kumbana mzazi, kumrudisha mtoto nyumbani sababu baba yake hajatoa elfu kumi, na walimu kugeuka makarani wa michango. Kwahiyo fanyeni hivi: uamuzi utoke kwenye mkutano wa kijiji, kibali kiombwe kwa maandishi kupitia mtendaji wa kata kwenda wilayani KABLA ya kukusanya, na mkusanyaji awe serikali ya kijiji, mwalimu asiguse hata mia. Mtoto asiguswe kabisa. Ukimfukuza mtoto mmoja tu mradi mzima unakufa, simu moja kwa mkuu wa wilaya inatosha.

Kaya zisipangiwe sawa kwa kila kitu. Mwenye nguvu atoe nguvu, mwenye trekta au mkokoteni atoe tripu za mchanga, mwenye duka atoe saruji, wazee wasiojiweza na kaya zilizopo TASAF waachwe kabisa, na muwataje kwa majina kwenye kikao cha kitongoji kwamba wamesamehewa, ili msimamizi asiende kuwasumbua jioni. Kwa wale wanaokwepa makusudi siku za msaragambo, yaani kazi za pamoja za kijiji, kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo yenye faini, lakini lazima ipitishwe na mkutano mkuu na ikubaliwe na halmashauri ya wilaya ndo iwe na nguvu. Kukamata kuku wa watu bila sheria ndogo ni wizi, hata kama ni mgambo anakamata.

Wazawa walioko Dar, Mwanza, Arusha na nje ya nchi ni mtaji mwingine. Grupu la wasap linafunguliwa, watu wanaahidi, emoji za makofi zinamiminika. Ahadi msiziweke kwenye bajeti mpaka ziingie. Halafu waambieni waziwazi nyie wa mjini chukueni bati, mbao za kenchi na misumari, sisi huku tunapandisha kuta. Kuna sababu: mchanga na mawe kijijini vipo, kinachokosekana ni vitu vya kununua kwa hela taslimu, na bati mtu anaweza kuzihesabu kwenye picha. Mnunulie dukani moja kwa moja, duka litume risiti kwenye grupu, hela isipite mfukoni kwa mtu.

Na mbunge? Kuna Mfuko wa Jimbo, upo kisheria toka 2009, andikeni barua mkiambatanisha muhtasari na gharama za injinia. Msisubiri kampeni.

Akaunti iwe ya taasisi, shule au kijiji, sio M-Pesa ya katibu. Najua M-Pesa ni rahisi na katibu wenu ni mtu wa dini, lakini siku akiumwa au akifa hiyo hela ni mirathi.

Kuhusu kuonesha mapato na matumizi, karatasi kubwa ya manila ibandikwe sehemu ambayo watu wanapita, mashineni au kisimani, sio ndani ya ofisi iliyofungwa. Iandikwe imeingia kiasi gani, kimenunuliwa nini, kimebaki nini, na kila jumapili mtu aisome msikitini ijumaa na kanisani jumapili, haya nimechanganya siku ila mmenielewa, isomwe kote. Mtendaji akigoma kusoma mapato na matumizi nendeni kwa mtendaji wa kata, asiposikia nendeni kwa mkurugenzi, na mkiona kuna upigaji wa wazi namba ya TAKUKURU ni 113, haikati salio.

KAMATI

Serikali ikileta hela yake inatumia mfumo wa fosi akaunti, yaani hakuna mkandarasi, jamii yenyewe inasimamia na mafundi wa hapohapo wanajenga, na inataka kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Tumieni mtindo huo hata kwa hela yenu wenyewe. Maana yake ni nyepesi tu, anayenunua asiwe anayepokea, na anayepokea asiwe anayetumia. Saruji ikifika, kamati ya mapokezi inahesabu mifuko mmoja mmoja ndo inasaini. Stoo iwe na ledja na funguo mbili kwa watu wawili wasio ndugu. Wekeni akina mama wengi kwenye mapokezi, sijawahi kuona kamati ya mapokezi ya kina mama ikisaini mifuko hewa, wanahesabu mpaka dereva anachoka. Ila mjue pia manunuzi ya hela ya serikali siku hizi yanapita kwenye mfumo wa NeST kwa kompyuta, kwahiyo mwalimu mkuu au mganga wa zahanati anahitaji muda na bando, msimtukane kwamba anachelewesha kabla hamjajua kakwama wapi.

MSIMU NA VIFAA

Mavuno yakiisha, mwezi wa sita mpaka wa tisa, ndo wakati. Watu wana hela kidogo, wana muda, barabara zinapitika, na tofali za kuchoma zinakauka. Ukianza mwezi wa pili unakutana na masika, watu wako shambani, na tofali mbichi zinarudi kuwa udongo.

Vitu ambavyo mafundi watawadanganya: bati. Kwa jengo la umma chukueni geji 28, na mkumbuke namba ikipanda bati linakuwa jembamba, yaani 30 ni laini kuliko 28, kuna watu wanauziwa 30 wakidhani wamepata bora. Saruji isikae chini sakafuni, iwekwe juu ya mbao, na isinunuliwe yote kwa mkupuo halafu ikakaa miezi, inaganda. Zege na tofali za block zimwagiliwe maji kwa siku kadhaa, siku saba hivi, hii kazi ya kumwagilia wapeni watu kwa zamu kwa majina, ukisema "tutamwagilia wote" hamna atakayemwagilia. Fundi akitaka kupunguza nondo kwenye lenta muiteni injinia. Fundi alipwe kwa hatua, msingi, kuta, lenta, kupaua, lipu, na asilipwe hatua ambayo haijakaguliwa.

Kama hela yenu ni ya kufika kwenye lenta tu, na hakuna uhakika wa bati, ni bora darasa moja lenye paa kuliko matatu yasiyo na paa. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa zile hela za UVIKO-19 ilipanga milioni 20 kwa darasa moja, kwahiyo ukilinganisha na ile milioni 12.5 ya kukamilisha boma unaona kwamba zaidi ya nusu ya gharama iko juu ya lenta na ndani. Vijiji vingi vinapanga kinyume, vinadhani kuta zikisimama wamemaliza robo tatu.

ZAHANATI INA MAMBO YAKE

Darasa likipata paa, sakafu na madawati watoto wanaingia. Zahanati haiko hivyo. Haisajiliwi wala haifunguliwi mpaka iwe na choo, maji, kichomea taka, shimo la kondo la nyuma, na watumishi. Watu wanamaliza jengo, wanapaka rangi, halafu wanashangaa mwaka unaisha milango imefungwa. Chimbeni shimo la kondo na jengeni kichomea taka wakati fundi bado yupo saiti, ni kazi ndogo ila akishaondoka kumrudisha ni gharama.

Nyumba ya mtumishi ni muhimu kuliko rangi. Muuguzi anayepangiwa kijiji ambacho hakuna nyumba anapanga chumba kilomita kadhaa huko, usiku mama akishikwa uchungu hayupo, na baada ya muda anaomba uhamisho. Hata kama hamjajenga, tafuteni nyumba ya kupanga yenye mlango unaofunga, kijiji kilipe miezi ya mwanzo. Mpokeeni, mtambulisheni, mpeni sehemu ya kulima bustani. Haya sio mambo ya bajeti ila nimeona yanawabakisha watu.

Ikishafunguliwa, kazi ya wananchi haijaisha, ndo inaanza kamati ya usimamizi ya kituo. Toka mwaka wa fedha 2017/18 hela za vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo chenyewe, hata zahanati, kwahiyo kamati yenu ina kitu cha kusimamia, sio kukaa na kunywa soda. Mambo ambayo wajumbe wanatakiwa wayafanye bila kuona aibu: kuwepo dawa zinapoletwa na kuhesabu maboksi dhidi ya karatasi ya Bohari ya Dawa, kuuliza kilichoagizwa na kilichokuja, kubandika ukutani kiasi kilichopokelewa. Mkiambiwa dawa hamna, ulizeni kwanza ziliagizwa lini. Kama Bohari haina kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, kituo kinaruhusiwa kununua kwake vitu vilivyokosekana, na mganga anaujua. Mjue pia kisera watoto chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo hawatakiwi kulipishwa, na hilo liandikwe kwa herufi kubwa mlangoni ili bibi asirudishwe na mtu wa dirishani.

Halafu usafiri wa wajawazito. Kuna huduma ya m-mama, namba 115, bure, unapiga wanaangalia hali ya mama au mtoto mchanga, na kama gari la wagonjwa liko mbali wanamtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kumlipa wao. Kazi ya kijiji ni mbili tu hapo: kuhakikisha wenye magari wa kijiji chenu wamesajiliwa kupitia halmashauri, na kuhakikisha kila nyumba yenye mjamzito ina hiyo 115 imeandikwa ukutani kwa mkaa kama hamna kalamu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuifanya hii wakipita nyumba kwa nyumba.

CHAKULA SHULENI, KWA KIFUPI

Hii haina tofali ila inaleta watoto darasani kuliko rangi mpya. Serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji ya elfu kumi kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, na katika hiyo elfu nne ni ya vitabu, kwahiyo msitegemee uji utoke humo. Wazazi wakubaliane wakati wa mavuno, debe la mahindi na maharage kidogo kwa mtoto, lipimwe mbele ya watu, stoo iwekwe dawa ya kuzuia dumuzi, mpishi alipwe na kamati. Wakati wa mavuno debe halimuumi mtu, mwezi wa kwanza hata kisado ni ugomvi. Asiyetoa mtoto wake ale tu, halafu mzazi afuatwe nyumbani kwake, sio mtoto kuoneshwa mbele ya wenzake.

Mkimaliza ujenzi wowote fanyeni makabidhiano ya maandishi: injinia akague, kamati isome matumizi yote kwa mara ya mwisho mbele ya mkutano mkuu, saruji na mbao zilizobaki zihesabiwe na ziandikwe zinaenda wapi, funguo zitajwe ziko kwa nani. Siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika kwenda kula pilau, pitisheni kiasi kidogo cha kila kaya kwa mwaka kwa ajili ya vitasa, vioo na mifereji ya bati, na barua ya kuomba walimu au wauguzi isainiwe hapohapo, nakala kwa mkurugenzi, kwa afisa elimu au mganga mkuu wa wilaya, na kwa diwani, ikiwa na picha ya jengo lililokamilika na nyumba ya mtumishi ikionekana vizuri.